Sakafu Kavu

Sura ya Nne

Mzee Koleo alikuwa amekwisha kukiri. Karatasi ilikuwa mezani, imetiwa sahihi Jumapili mchana, na Inspekta aliisoma mara mbili akiwa amesimama kabla ya kuvuta kiti na kuketi mbele ya mzee.

"Umeandika kwamba ulisahau kuosha mipira ya maji ya mashine," alisema.

"Ndiyo."

"Ulisahau, au unadhani ulisahau?"

Mzee aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mipana, yenye makovu madogo madogo ya bati na vibano. "Mwanangu, nina miaka sabini na mmoja. Juzi nimetafuta miwani nusu saa nzima, kumbe ninayo usoni. Watu ishirini na watatu wameugua kwa barafu ya mashine niliyoishika mimi. Mama wa watu amefariki. Sasa nimtafute nani mwingine?"

Pembeni, sajini alikuwa akiandika. Mkuu wa kituo aliliagiza hilo waziwazi: kila neno liandikwe na sajini, kila kielelezo kishikwe na sajini, kwa sababu Inspekta na mtuhumiwa walifahamiana. Kabla ya kuvaa sare, Inspekta alikuwa fundi wa mashine za barafu. Miaka saba mizima, katika karakana ya watu watatu: baba yake, Mzee Koleo, na yeye binti. Baba alipofariki karakana ilifungwa, na tangu siku ya mazishi, miaka kumi na minne iliyopita, hakuwa amemwona tena mzee huyu aliyekuwa akimwita baba mdogo.

"Nieleze kazi ya Jumanne," alisema. "Anzia mlangoni."

Mzee Koleo alikohoa. Kisha akaanza, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyozidi kunyooka. Alifika hotelini saa tatu asubuhi. Akazima umeme, akafunga koki ya maji, akayeyusha barafu yote. Akavua mpira wa kuingizia maji na mpira wa kutolea maji. Yote miwili ilikuwa imeota ukijani ndani. Akapima mipya, akaikata, akachovya ncha zake kwenye maji ya moto ili zilainike, akazisukuma hadi mwisho, akakaza vibano.

Inspekta alisikiliza bila kumkatiza. Ile harufu ya mpira uliochovywa maji ya moto ilimjia puani hapo hapo, katika chumba kile cha kuhojia chenye harufu ya rangi na karatasi. Birika la karakana lilikuwa na kifuniko kilichofungwa kwa waya. Maji yake yalilainisha mipira, na yaliyobaki yalipikiwa chai, na baba alikuwa akisema chai isiyonukia mpira si chai ya fundi.

"Halafu?"

"Halafu ni kuosha. Unafungua koki, unayaacha maji yapite, unaweka dawa, unasuuza mara tatu. Barafu ya kwanza unamwaga, ya pili unamwaga." Mzee alikuwa akikunja vidole akihesabu. "Hapo ndipo ninapokwama. Nakumbuka kuosha. Najiona kabisa nikiosha. Lakini je, najiona Jumanne hii, au najiona mwaka ule nikiwa na marehemu baba yako? Nimeosha mashine maisha yangu yote, mwanangu. Siku zote zimekuwa siku moja."

Sajini aliinua kalamu, akamtazama Inspekta, akaandika.

"Na mpira wa kutolea maji," Inspekta alisema, "uliuacha wapi?"

"Juu ya tundu la sakafuni. Vidole viwili juu yake. Hilo unaniuliza wewe?"

"Nakuuliza ili liandikwe. Kwa nini vidole viwili?"

"Mpira uvute pumzi. Ukiutumbukiza shimoni, siku shimo likiziba, uchafu unapanda." Alisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina la mama yake.

"Sakafu ililowa?"

"Lazima ilowe kidogo. Tone likianguka huruka. Meneja alinung'unika, nikamwambia avumilie au anunue beseni."

Inspekta alisimama. "Sajini, chukua mfuko wa vielelezo. Na tochi."

*

Jikoni pa ile hoteli hapakuwa na mtu anayepika. Mashine ya barafu ilisimama pembeni mwa ukuta, imezimwa tangu Ijumaa, utepe wa maafisa wa afya umeizunguka. Mkono wake wa kulia lilikuwepo sinki la kuoshea nyama, refu, la chuma, limeinuka hadi usawa wa kiuno. Chini, kati ya sinki na mashine, palikuwa na tundu la maji machafu lenye kifuniko cha vyuma.

Meneja aliwapokea mlangoni. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza. "Afande, kama mzee amekiri, hapa mnatafuta nini tena? Tunawahurumia wafiwa, lakini nina wafanyakazi arobaini hawana kazi."

"Natazama tu," alisema Inspekta. "Niitie mpishi mkuu na mama wa usafi. Wasubiri nje."

Mambo yalivyokwenda yalijulikana hadi hapo. Alhamisi, chama cha wauguzi wastaafu kilikuwa na mkutano wake wa mwaka hapo hotelini. Walikula, wakanywa maji ya matunda yenye barafu. Usiku huo wakaanza kuharisha na kutapika. Jumamosi asubuhi mmoja wao, mama wa miaka sitini na minane, akafariki. Maabara ilikuta barafu imejaa vijidudu vya nyama mbichi na maji taka. Maafisa walisema mipira iliwekwa michafu, na mwenye mipira alikuwa mmoja.

Inspekta alipiga magoti, akawasha tochi. Kwanza aliukagua mpira wa kuingizia maji. Ncha zake zilikatwa zimenyooka kama mstari wa rula. Kibano kilikazwa, skrubu yake ikitazama nje ili fundi ajaye asipate shida. Mzee Koleo alikuwa mkali kwa hilo. "Unamfungia mwenzako, hujifungii mwenyewe," alikuwa akisema, na aliwahi kumfanya Inspekta afungue vibano kumi na viwili na kuvirudia, jua likizama, huku baba akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akakagua mpira wa kutolea maji. Ulining'inia juu ya tundu, na ncha yake ilikatwa kimshazari, imechanwachanwa kama iliyotafunwa.

"Sajini, pima kutoka ncha hii hadi kwenye kifuniko."

"Sentimita kumi na tisa, afande."

"Andika. Sasa nipe kikombe cha maji."

Alimimina maji ndani ya sanduku la barafu. Baada ya muda yalianza kutoka kwenye mpira. Kutoka urefu ule hayakudondoka, yaliruka. Yakalowesha ukuta, yakalowesha mguu wa sinki na suruali ya sajini.

"Samahani," alisema Inspekta.

"Ndiyo kazi," alisema sajini, akijipangusa.

"Kama mpira ungekuwa hivi tangu Jumanne hadi Ijumaa, ukuta huu ungekuwa na madoa. Una doa?"

Sajini aliangaza. Ukuta ulikuwa mweupe pepepe.

Mpishi mkuu aliingia. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Inspekta alimwuliza kuhusu siku ya Alhamisi.

"Asubuhi tulipokea kuku arobaini," alisema. "Tukawaosha hapo kwenye sinki. Tena sinki lilikuwa linasumbua siku hiyo. Maji yanakataa kushuka, yanasimama kama yanangoja kuitwa kwa jina. Nikasema tumwite fundi, lakini kabla hatujampata, sinki likajifungua lenyewe. Yakashuka taratibu mpaka yakaisha."

"Saa ngapi?"

"Saa nne, saa nne na nusu."

"Yalipokuwa yanashuka, sakafu ililowa?"

"Sakafu?" Mpishi alicheka kidogo. "Hata tone. Ilikuwa kavu kama ulimi wa mgonjwa. Nakumbuka kwa sababu meneja alipita akatusifu."

Inspekta alirudi kupiga magoti, akagonga sakafu kwa kisigino cha tochi kutoka sinki hadi kwenye tundu. "Sinki na tundu hili vinatumia bomba moja chini. Ni kweli?"

"Ni kweli. Likiziba sinki, siku zote ni hapo sakafuni panapobubujika. Miaka mitatu tumekuwa tukivaa mabuti kwa ajili hiyo." Alilitazama tundu, akalitazama sinki. "Sasa Alhamisi..."

"Ndilo swali langu. Bomba limeziba, maji ya kuku arobaini yametoka sinkini, na sakafu ni kavu. Yalikwenda wapi?"

Mpishi mkuu alivua kofia yake ya kazi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Inspekta alikiinua kifuniko cha tundu. Aliuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akaomba koleo, akauingiza tena. Alivuta polepole. Kilichotoka kilikuwa kipande cha mpira, kirefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi kiganja, na katikati yake kimezungushiwa tambara nene na utepe mweusi wa umeme, kama kizibo cha chupa. Upande mmoja ncha ilikuwa imechanwachanwa. Sajini aliisogeza karibu na ule mpira unaoning'inia, na meno ya mkato yakaingiana.

Upande wa pili palikuwa na kiungo cha plastiki. Kipande kifupi cha mpira mwingine, wa rangi nyingine, kilikuwa kimeungwa hapo. Juu kidogo ya kiungo, kwenye mpira wa kwanza, kwa kalamu ya wino mzito, iliandikwa tarehe ya Jumanne. Chini yake, kwa herufi zilizolala kulia: *Imesuuzwa x3*.

Inspekta aliuangalia mwandiko ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika karakana kila mashine iliyotoka iliandikwa hivyo. Baba ndiye aliyeianzisha desturi hiyo kwa sababu, alisema, fundi ana haki ya kusahau, mradi kazi yake isisahau.

"Afande?" sajini aliuliza.

"Andika," alisema. "Mpira wa fundi ulikomea hapa kwenye kiungo, kwenye huu mkato ulionyooka. Mtu mwingine akaongeza kipande, akakitumbukiza shimoni, akaziba pembeni kwa tambara ili sakafu isilowe. Alhamisi bomba lilipoziba, maji hayakuweza kutokea sakafuni. Sanduku la barafu liko chini kuliko sinki. Yakapanda kupitia mpira hadi humo. Barafu ikakaa juu, maji ya kuku chini, na hakuna aliyeona kitu. Bomba lilipozibuka, yakashuka yalikotoka. Mchana watu wakachota."

*

Mama wa usafi aliletwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa makubazi ya mpira. Alipoliona lile tambara mezani, alitafuta pa kukaa, na mpishi mkuu akamwachia ndoo.

"Ni langu," alisema kabla hajaulizwa. "Nililifunga mimi. Jumatano."

"Uliambiwa, au ulijiamulia?"

"Mwezi uliopita mwenzangu aliteleza hapo hapo, akavunjika nyonga. Mpaka leo yuko kitandani. Fundi alipoondoka, ule mpira ukawa unadondosha, tone, tone, tone. Nikamwambia meneja, baba, hapa mtu atavunjika tena. Akasema wakaguzi kutoka makao makuu wanakuja Alhamisi, hataki kuona maji. Akaniletea mpira, na hicho kiungo, na utepe. Akasema tumbukiza mle chini, ziba. Nikaziba vizuri, afande. Nilijua nafanya jambo jema." Alishika mdomo. "Nilijua namwokoa mtu."

"Fundi hakukukataza?"

"Mimi hakuniona. Labda alimwambia meneja."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Huyu mama amechanganyikiwa," alisema. "Mimi sijui habari za mipira. Mimi nina diploma ya hoteli."

Inspekta hakumtazama. "Mama, Ijumaa asubuhi ulikuwa kazini?"

"Nilikuwepo."

"Nani aliukata?"

Mama alimtazama mpishi, naye akainamisha uso wake. Maji ya mwisho yaliyokuwa yamebaki mpirani yalianza kudondoka.

"Mama," alisema Inspekta kwa sauti ya chini, "kuna mzee wa miaka sabini na mmoja yuko mahabusu. Ametia sahihi kwamba aliua mtu kwa kusahau. Anaamini."

"Meneja," alisema mama wa usafi. "Alipopigiwa simu kuwa wageni wanaumwa, alikuja mbio, akaja hapa moja kwa moja. Akachukua kisu cha mkate, akakata, kile kipande akakisukuma chini kwa mguu. Akaniambia, ukifungua mdomo, mimi na wewe tutakwenda pamoja."

"Kisu cha mkate kiko wapi?"

Mpishi mkuu alinyanyuka, akafungua droo, akakitoa. Kilikuwa na meno kama ya msumeno, na kati ya meno mawili palibaki uzi mwembamba wa mpira mweupe. Sajini alikiweka ndani ya mfuko, akaandika namba.

"Nilikuwa nalinda kazi za watu arobaini," alisema meneja. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imemtoka. "Ingejulikana, hoteli ingefungwa. Yule mzee hana familia, hana kampuni, amebakiza miaka mingapi? Na mwenyewe alikubali! Mimi sikumlazimisha kukiri."

"Hukumlazimisha," alisema Inspekta. "Ulimwacha tu. Sajini, mkamate. Kuficha ushahidi, na mengine mkuu wa kituo atayaongeza." Kisha akamgeukia mama wa usafi, akachuchumaa mbele yake. "Wewe utakuja kuandika maelezo. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Lakini utayaandika kama ulivyoyasema, na mimi nitasimama kusema ni nani aliyekuletea mpira."

"Yule mama aliyefariki," alisema mwanamke, "alikuwa na watoto?"

"Ana mume."

Mama wa usafi alijifunika uso kwa khanga yake, na hakuna aliyemharakisha.

*

Saa tisa alasiri Mzee Koleo alitiliwa saini ya kuachiwa. Inspekta alimweleza yote pale pale kaunta, hatua kwa hatua, kama mzee alivyomzoeza yeye kueleza hitilafu ya mashine: kwanza ulichokiona, kisha ulichokigusa, mwisho unachokidhani. Alipofika kwenye maneno yaliyoandikwa kwenye mpira, mzee aliinua mkono.

"Rudia hapo."

"Imesuuzwa mara tatu. Mwandiko wako."

"Nilisuuza," alisema mzee.

"Ulisuuza, baba mdogo."

Alirudishiwa mkanda wake na viatu, na mkoba wa vifaa. Alichukua muda mrefu kufunga kamba za viatu, na Inspekta alimwacha azifunge mwenyewe. Alipomaliza hakwenda mlangoni.

"Yule marehemu," alisema, "kwao ni wapi?"

"Mbali kidogo. Kwa nini?"

"Nipeleke."

"Huna kosa, baba mdogo. Hudaiwi."

"Sikusema nadaiwa. Barafu ilitoka katika mashine niliyoifunga mimi, basi msiba umepita mikononi mwangu. Marehemu baba yako angekuwa ameshafika."

Inspekta alichukua funguo za gari.

Ilikuwa nyumba ndogo yenye kibaraza, maua kwenye makopo ya rangi, na viti vya kukodi vilivyobaki vimeegemezwa ukutani. Mzee mmoja mrefu, mwenye ndevu za siku kadhaa, alifungua mlango kabla hawajabisha. Alimtambua Inspekta kwa sare, kisha akamtazama mwenzake.

"Mimi ndiye fundi," alisema Mzee Koleo. "Nimekuja kutoa pole."

Mume wa marehemu hakusogea. "Niliambiwa umekiri."

"Nilikiri. Si mimi niliyefanya, huyu binti atakueleza. Lakini siku mbili hizi niliamini ni mimi. Kichwa changu hakiniambii ukweli siku hizi, ndugu yangu."

Jirani aliyekuwa akifagia upande wa pili wa njia alisimama na ufagio wake.

"Mke wangu," alisema mwenye nyumba hatimaye, "mwaka huu alikuwa ameanza kunisahau. Si kila siku. Siku nyingine ananiamkia kama mgeni, ananiuliza nimetokea wapi, nami najitambulisha. Siku ya Alhamisi aliamka vizuri kabisa. Akawataja wenzake wote wa chuo kwa majina, mmoja mmoja, akavaa gauni lake la buluu. Alifurahi mno kwenda huko." Aliufungua mlango wote. "Huna haja ya kusimama juani. Ingia, mzee mwenzangu. Angalia hapo, kuna ngazi."

Alimnyooshea mkono, na Mzee Koleo akaushika. Wakaingia ndani pole pole, kila mmoja akidhani ndiye anayemsaidia mwenzake, na Inspekta akabaki kibarazani akivua viatu.